Mfuko Chini ya Koti la Baba Mkwe

"Wewe wa tezi dume! Ndugu wa tezi dume, usisimame hapo mlangoni kama umekuja harusini. Ingia umwage mkojo wa mgonjwa wako."

Hivyo ndivyo nesi alivyoniita, wodi nzima ya wanaume ikisikia, pamoja na wageni wao, maana ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa nimesimama kizingitini, chupa ya uji mkono mmoja, bakuli la maharage mkono wa pili, mtoto nimembeba mgongoni ndani ya khanga. Watoto hawaruhusiwi wodini, najua, lakini sina wa kumwachia. Mgonjwa wangu ni baba mkwe wangu, baba mzazi wa mume wangu. Tangu alazwe sikuwa nimevuka kile kizingiti hata mara moja, na sababu nitaieleza. Huyo nesi nilikuwa nimeshamweleza mpaka nimechoka.

"Sista, nilishakwambia. Yule ni mkwe wangu."

"Mkwe, mkwe! Mkojo unajua mkwe?" Akacheka, na wanafunzi wa uuguzi waliosimama naye wakacheka kwa sababu yeye amecheka. "Haya, na habari nyingine ndiyo hii. Mzee wako ametolewa kwenye orodha ya upasuaji. Ana homa. Na homa imetoka wapi? Nyinyi ndugu hammtunzi. Njoo uone mwenyewe uchafu wenu."

Akalivuta blanketi.

Baba mkwe alikuwa amelala ubavu, amevaa koti lake la kijivu, lile la kwendea kanisani, pamoja na homa yote ile. Nesi akafunua upande wa koti. Wagonjwa wengine wenye mpira wa mkojo, mfuko wao unaning'inia chini, kwenye chuma cha kitanda. Yeye wa kwake alikuwa ameukumbatia kwapani, juu ya mbavu, umejaa mpaka umetuna, na mkojo wenyewe mweusi kama chai iliyochemka mara mbili. Mzee akainua ukosi wa koti akajifunika uso.

Nikaweka uji chini. Nikaweka na bakuli. Nakumbuka niliviweka taratibu kabisa, kifuniko kisidondoke. Halafu nikaingia. Nilitembea na uso wangu nimeugeuzia ukutani, nikapapasa mpaka nikashika blanketi, nikalirudisha juu ya yule mzee, na hapo ndipo nikamgeukia nesi.

"Nani ameajiriwa hapa, mimi au wewe?"

"Dada, usiniletee drama kazini kwangu."

"Kazi ipi? Niambie kazi ipi! Leo asubuhi nani amemfunua huyu mzee akamsafisha pale mpira unapoingia? Mtaje! Nani amemwona na mfuko kwapani akamwambia, baba, hapana, unakaa chini? Mmemzunguka na mafaili yenu, mmeandika, mmepita, leo hii mnanionyesha uchafu wangu? Na haitwi tezi dume! Nyumbani kwenu mtu akiugua jino mnamwita jino?"

Mzee mmoja wa kitanda cha mbali akapiga makofi. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Mlinzi akaja, akanishika kiwiko kwa adabu.

"Mama, twende nje. Utaamsha mpaka maiti."

"Waamke!" nikasema. "Labda wao watamwaga huo mkojo."

Nikatolewa.

Sasa nieleze, maana nikisema tu "mkwe wangu" watu wa mjini wananitazama kama nimetoka porini. Mimi nimezaliwa Tunduma. Kwetu ni Wanamwanga, nusu ya ukoo iko Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na baba mkwe tunamheshimu lakini tunakaa naye sebuleni, tunaangalia naye taarifa ya habari, anakutania na wewe unamtania. Mume wangu ni mtu wa Mbebe, huko juu Ileje, na kwa ukoo wao sivyo. Mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ukimpelekea chakula unakiweka mlangoni, unakohoa, unaondoka, na yeye anasubiri usikike umefika mbali ndipo atoke.

Nilipopelekwa kule mara ya kwanza nilicheka. Nimemaliza kidato cha nne, nimekulia mpakani penye malori ya nchi zote, leo nikohoe mlangoni? Halafu asubuhi moja nikakutana naye kwenye njia nyembamba inayotoka kwenye kahawa. Alikuwa na mzigo wa kuni begani, mzee mzima, jasho linamtoka. Mimi nikaganda, sijui nipite wapi. Yeye ndiye aliyeacha njia. Akaingia kwenye mahindi na ule mzigo, akanipa mgongo, akasimama hivyo hivyo mpaka nikapita. Nilimpita nikiwa nimeinama na sikucheka tena. Niliolewa nikidhani ile heshima ni mzigo wa mwanamke peke yake. Kumbe na yeye ameubeba.

Neno moja hakuwahi kuniambia. Lakini nilipojifungua, huku Tunduma tunakoishi, kila gari lililoshuka kutoka Ileje lilikuwa na ndizi zangu, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, na maharage yaliyochambuliwa mpaka huoni jiwe. Ndivyo alivyokuwa anaongea na mimi.

Mtu wa namna hiyo ukimpa ugonjwa wa sehemu ile, ataufanyaje? Aliuficha. Alianza kuacha ibada katikati, anatoka nje, anakawia. Akaacha kwenda kabisa, akasema viti vya kanisa vinamuumiza mgongo. Suruali zake akawa anafua mwenyewe, na watu wakamsifia kwamba mzee wa siku hizi huyo, tangu mke afariki hasumbui mtu. Mpaka siku mkojo ulipogoma kutoka kabisa, tumbo likavimba, ndipo jirani akampigia simu mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo kwenda Kongo kupitia Zambia. Bahati alikuwa Tunduma, yuko kwenye foleni. Akaliacha lori kwa mwenzake, akaenda kumchukua, akamleta hospitali. Hospitali siitaji hapa. Wao wenyewe barua yangu wanayo.

Walimwekea mpira. Mume wangu aliniambia mzee alitoa pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Daktari akasema tezi dume imekua, imebana njia ya mkojo. Vipimo havionyeshi saratani, lakini figo zimechoka, hivyo abaki wodini hadi daktari bingwa atakapofika kufanya upasuaji. Huyo bingwa anakuja kwa zamu tu. Ukikosa zamu hii unasubiri nyingine, na lini, hakuna anayejua. Mzee akawekwa kwenye orodha. Sharti likawa moja, asipate homa. Mwenye homa hapasuliwi.

Mume wangu akasikia hayo, akashukuru, akarudi barabarani, kwa sababu mzigo wa mtu hausubiri tezi ya baba yako. "Mama, wewe peleka chakula tu," akaniambia. "Mengine yote manesi watafanya. Ni kazi yao."

Hayo ndiyo tuliyoyaamini sote. Mengine yote manesi watafanya.

Kumbe hospitali zetu hazifanyi kazi hivyo, na kila mtu anajua isipokuwa aliyelaza mgonjwa kwa mara ya kwanza. Ndugu ndiye nesi. Ndugu anaosha, analisha, anageuza, anamwaga. Nesi anadunga sindano, anaandika, anapita. Na ndugu wa baba mkwe wangu, pale mjini, alikuwa mimi, mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kumfunua.

Siku za mwanzo tuliokolewa na mgonjwa wa kitanda cha pili, mkulima wa Msangano aliyekuwa amepasuliwa busha. Alikuwa anatembea miguu imeachana kama mtu aliyepanda punda asiyeonekana, na mdomo wake haukupumzika. Mimi naweka chakula kizingitini, yeye anakuja kukichukua anampelekea mzee.

"Mkwe, leteni na kipande cha nyama, mukwai," ananiambia, ana ndugu zake Zambia na lile neno lao la heshima ameliokota huko. "Huyu baba yako anakula kama kuku wa kizungu. Mimi nilikuja hapa na debe, naondoka na kikombe, lazima nijaze kwingine."

Yeye ndiye aliyekuwa anamwaga mfuko wa mzee, bila kuombwa, huku akimtania kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa anacheka. Nilikuwa namsikia kutoka mlangoni, na mimi sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Halafu mtu wa Msangano akaruhusiwa kwenda kwake, kitandani kwake akalazwa kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, hawezi hata kujigeuza.

Nikamwendea nesi, huyu huyu aliyekuja kumfunua mzee. Nilimwendea kwa heshima, hiyo niandike, kwa sababu baadaye walisema nilianza na matusi.

"Sista, samahani, naomba msaada. Baba mkwe wangu, kwa mila yao, mimi siwezi kumhudumia mwilini. Na yeye akihudumiwa na binti mdogo anaona aibu sana. Kuna nesi mwanaume hapa, nimemwona. Naomba awe anampitia asubuhi tu."

"Yule yuko chumba cha dawa. Ana kazi zake."

"Asubuhi tu, sista."

"Dada, hapa ni hospitali, sio kwenu Ileje. Hospitali haina mwanamke wala mwanaume."

"Mbona mlangoni mmeandika Wodi ya Wanaume?"

Akafungua faili la mgonjwa mwingine. Siku iliyofuata nikaomba tena, kwa nesi wa zamu nyingine. Akaniambia nimlete mume wangu. Nikamwambia mume wangu yuko Kongo. Akasema basi leta shemeji. Mashemeji wako Mbebe, ni msimu wa kupalilia. "Basi mama, hata mimi nina wagonjwa wengi," akasema, na ni kweli alikuwa nao wengi, nilikuwa nawaona wawili watatu wakimwita kwa pamoja. Simchukii kwa wingi wa wagonjwa. Lakini kuwa na kazi nyingi hakumzuii mtu kumwambia mzee neno moja kuhusu mfuko.

Kilichonikosesha utulivu zaidi ni chupa ya uji. Ilianza kurudi imejaa. Mtu wa kuipokea nilikuwa nambembeleza yeyote anayepita, mhudumu wa usafi, ndugu wa mgonjwa mwingine, na jioni nikiichukua, imejaa. Nikadhani uji wangu mbaya. Nikabadilisha: ulezi, mahindi, ulezi na maziwa, nikatia limau, nikatia karanga. Unarudi. Chupa ya maji nayo nilikuwa naitia alama kwa kucha kwenye karatasi yake, inarudi maji yako palepale. Nilikuwa nalala naamka, natembea chumbani na mtoto, nampigia mume wangu hapatikani, yuko sehemu zisizo na mtandao. Nauza vitenge pale mpakani, na siku hizo nilikuwa namkatia mteja kitenge huku akili iko kwenye ile chupa. Mteja mmoja alinirudishia akasema, "Mama, nimeomba cha bluu."

Ndipo ikaja siku ile ya blanketi.

Baada ya mlinzi kunitoa nilibaki nje ya jengo, nazunguka kwenye kokoto, mtoto amenyamaza mgongoni. Sikuweza kukaa kwenye benchi. Kila nikikaa naona lile koti. Baada ya muda yule nesi wa kiume akatoka kunitafuta. Ni kijana wa rika langu tu. Alikuwa amesikia kelele kutoka chumba cha dawa, alikokuwa anapanga maboksi.

"Nimembadilishia mpira," akasema. "Nimemsafisha, mfuko nimeuning'iniza chini. Ameanzishiwa dawa ya homa. Dada, huu mfuko lazima ukae chini ya kiuno muda wote. Ukiwekwa juu, mkojo unarudi kibofuni na uchafu wake. Hiyo ndiyo homa yenyewe. Na maji anywe mengi. Hakuna aliyemwambia?"

"Angeambiwa na nani?"

Akaangalia viatu vyake. "Nimemuuliza kwa nini alikuwa anauweka juu. Anasema pale mlangoni unaposimama wewe na chakula, chini ya kitanda chake panaonekana. Hakutaka uuone. Na maji alikuwa hanywi kwa sababu mfuko ukijaa watakuita wewe uje umwage."

Nilimwacha amesimama, nikaenda nyuma ya jengo, nikalia kwa hasira. Sio huzuni, hasira. Kwa sababu kazi aliyoifanya yule kijana ilichukua muda wa kuchemsha chai. Alivuta skrini, akavaa glavu, akasema, baba, naomba ruhusa. Basi. Mzee alikuwa anajiua kwa kiu ili kunistahi mimi, na dawa yake ilikuwa inapanga maboksi ukuta wa pili.

Nilidhani baada ya hapo mambo yatanyooka. Wapi. Jioni mume wangu akapatikana, tayari habari zimeshamfikia, sijui nani alimpa.

"Umemtangaza baba yangu wodi nzima?"

"Nesi ndiye alimtangaza. Mimi nilimfunika."

"Umeingia mpaka kitandani kwake!"

"Nimeingia uso ukutani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Unajua niko wapi."

"Basi na mimi unajua nilikuwa wapi. Nilikuwa pale unapotakiwa kuwa wewe."

Akakata simu. Asubuhi akafika shangazi yake, dada wa baba mkwe, kashuka na gari la kwanza kutoka Mbebe, kikapu kichwani, kuku ndani ya kikapu. Yule kuku alikuwa wa mimi kuombea radhi, kwa kumsogelea mkwe. Ni mama mnene, mpole, lakini sura ameikunja.

"Mkwe wetu, mambo gani haya?"

Nikamsimulia yote, palepale getini. Nilipofika kwenye habari ya maji, kikapu akakiweka chini. Halafu akasema, "Huyu kuku tutamla wenyewe," akatangulia ndani.

Ofisini kwa muuguzi kiongozi tulikaribishwa viti. Ni mama wa heshima, anaongea polepole. Alisema nesi wake alikosea kauli, na mimi nilikosea kupiga kelele wodini, hivyo niombe radhi, na yeye aombe radhi, yaishie humu humu. Na mzee atafikiriwa orodha ijayo.

"Kelele nitaomba radhi," nikasema. "Wagonjwa wengine hawakunikosea. Lakini mama, kufikiriwa ndiyo nini? Na yule kijana ataendelea kumhudumia mzee?"

"Siwezi kukuahidi. Zamu zinapangwa. Siwezi kupangua zamu kwa mila ya mtu mmoja, labda mkuu wetu wa hospitali, mganga mfawidhi, aelekeze kwa maandishi."

"Na yeye anaelekezaje?"

"Apate lalamiko rasmi. Lakini binti yangu, barua zinaharibu. Mgonjwa wako bado yuko humu ndani."

Hapo ndipo palinikata maini. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekuonya barabarani kuna utelezi. Mgonjwa wako bado yuko humu ndani. Na shangazi aliposikia vile akaanza kunivuta khanga: tuache, mama, tuache, tumwachie Mungu.

Tulipofika wodini tukakuta mzee ameamua la kwake. Anataka kwenda Mbebe. Na mpira wake hivyo hivyo. Homa ilikuwa imeanza kushuka, ameketi kitandani, koti limefungwa vifungo vyote. Mimi nikazunguka nje, nikasimama chini ya dirisha, nimegeukia bustani ya hospitali. Shangazi akasimama dirishani kati yetu, kichwa ndani, mgongo nje. Tukaongea hivyo, na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Shangazi, mwambie baba kwamba akiondoka na mpira bila mtu wa kuutazama, homa itarudi, na atafia njiani akishushwa tena kutoka Mbebe."

"Kaka, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mkwe nimesikia."

"Jamani, mimi sio redio," shangazi akasema.

Kijana wa bodaboda mwenye mguu uliovunjika akacheka mpaka akalia kwa maumivu.

Mzee akasema, na ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake, "Mwambie kelele zake sikuzichukia. Nilichukia kufunuliwa. Yule binti wa watu ana umri wa mjukuu wangu, ananifunua mbele ya watu na kuniita jina la ugonjwa. Yule kijana wa jana aliniomba ruhusa. Kama ni yule kijana, nitakaa, nitakunywa maji yao yote. Kama ni kufunuliwa tena, naondoka leo. Bora nife nimevaa."

Shangazi akanigeukia macho yamejaa. Hakurudia. Hakuna haja.

Basi ikawa hivyo. Kubaki kwake kulitegemea yule nesi wa kiume, nesi wa kiume alitegemea maelekezo ya mganga mfawidhi, na mganga mfawidhi alitaka lalamiko rasmi. Nikamwomba shangazi amzuie mzee mpaka nirudi, hata kwa kumficha viatu. Nikanunua karatasi dukani mkabala na geti, nikaandikia pale pale kwenye kaunta, mtoto anavuta kalamu. Nilichana ya kwanza kwa sababu ilikuwa na matusi. Ya pili pia ilikuwa nayo, lakini machache. Ya tatu ndiyo niliyoipeleka.

Karani wa ofisi ya mganga mfawidhi akaisoma, akaniuliza, "Jina la mgonjwa mbona hakuna?"

"Siwezi kuliandika."

"Umesahau jina la baba mkwe wako?"

"Sijasahau. Mkwe halitaji. Wala haliandiki."

"Sasa tutamjuaje?"

"Kitanda cha kwanza kulia, mwenye koti."

Alinitazama, akatazama karatasi, akaamka mwenyewe kwenda wodini kumuuliza mzee jina. Aliporudi aliliandika pembeni kwa mkono wake. Nikadai nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Akasema muhuri uko kwa mwenzake aliyetoka. Nikasema namsubiri. Nilimsubiri nikiwa nimesimama, mpaka mwenzake akarudi akagonga. Kabla sijatoka ofisini mganga mfawidhi alikuwa ameshaingia na ile barua chumbani kwake na kumwita muuguzi kiongozi aje na daftari la zamu. Kilichoandikwa ni hiki.

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA YA UUGUZI KWA MGONJWA MWENYE MPIRA WA MKOJO*

*Mganga Mfawidhi, husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mke wa mtoto wa mgonjwa. Nalalamika kwamba mgonjwa huyu alikaa wodini bila kusafishwa, na mfuko wake ukiwa juu ya mbavu, na wauguzi wakipita kila zamu bila kumwelekeza, mpaka akapata homa akafutwa kwenye orodha ya upasuaji. Kisha mimi nikaambiwa kosa ni la ndugu. Ndugu hatukufundishwa chochote. Aliyeajiriwa na kusomea ni muuguzi.*

*Nalalamika kwamba mgonjwa aliitwa kwa jina la ugonjwa wake na kufunuliwa mbele ya watu bila skrini. Mzee ana haki ya kuitwa jina lake na kuombwa ruhusa. Hiyo haihitaji bajeti.*

*Nilieleza mapema kwamba kwa mila yao mimi siwezi kumhudumia mwilini, na kwamba anaona aibu mbele ya mabinti. Nilijibiwa kwa kicheko. Wako wazee wengi Ileje, Mbozi na Momba wenye aibu kama yake, na wengine hawaji kabisa kwa sababu hiyo. Mnasema wanachelewa kuja. Jiulizeni wanakuja kukuta nini.*

*Naomba mambo haya. Muuguzi wa kiume aliyemhudumia jana apangiwe kumsafisha kila siku, na asipokuwepo awepo mwanaume mwingine. Kila mgonjwa anayewekewa mpira aelekezwe yeye mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, mfuko unakaa wapi na kwa nini anywe maji. Na mgonjwa wangu arudishwe kwenye orodha ya bingwa anayefuata mara homa itakapokwisha. Sio afikiriwe. Arudishwe.*

*Naomba radhi kwa wagonjwa wa wodi ya wanaume kwa kelele nilizopiga. Kwa nesi siombi.*

*Nimeambiwa barua inaweza kumharibia mgonjwa kwa kuwa bado yuko mikononi mwenu. Naandika hapa ili mjue kwamba nimeambiwa hivyo, na kwamba likimpata jambo nitajua pa kuanzia.*

*Naomba nijibiwe kwa maandishi, leo, kwa sababu mzee ameshafunga vifungo vya koti.*

*Mkwe wa mgonjwa.*